Pazia la Bibie

Jumanne, 4 Machi

Siku njema! Baba mkwe amenikabidhi mjusi wake. Amenikabidhi mimi, siyo mwanyumba wangu, yule muuza viatu aliyemwoa dada wa mke wangu. Mimi! Baba mkwe amesafiri asubuhi kwenda kupasuliwa jicho, siku kumi, na mbele ya familia nzima akaniwekea sanduku la kioo mikononi. Mwanyumba akajikohoza. Nilifurahi sana.

Ndani ya sanduku: mchanga, gome la mti, taa ndogo ya kutia joto, na mjusi wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mnene kuliko kidole changu gumba. Ni jike. Anaitwa Bibie. Anakula nyenje, ambao nao wana kopo lao lenye matundu.

Mtu mwingine angeona mjusi. Mimi nimeona chumba. Chumba cha mbele cha nyumba ya baba mkwe kiko wazi tangu mpangaji ahame: dirisha pana, mlango wa barabarani, mwanga wa kutosha kutunga uzi hata bila miwani. Mimi miaka sita nashona kwenye korido ya nyumba yetu. Mke wangu akitaka kwenda jikoni, lazima nisimame, nivute stuli na nijibane ukutani. Mwanyumba naye anakitaka chumba hicho apange viatu vyake. Baba mkwe amesema atatoa ufunguo akirudi. Nikamuuliza kwa adabu, atampa nani? Akasema atampa anayejua kutazama.

Kutazama! Miaka kumi na minane nawapima watu viuno. Mteja akija mara mbili, mimi najua ana mimba kabla mumewe hajaambiwa. Chumba ni changu. Tayari nimeshafikiria cherehani ikae upande gani.

Jumatano, 5 Machi

Nimempima Bibie kwa tepu. Tumboni sentimita nane. Lengo langu: baba mkwe akirudi amkute kanona. Jana jioni alikula nyenje sita bila kupumua. Mke wangu anasema baba yake humpa wanne. Nikamwambia kwangu mgeni halali na njaa.

Baba mkwe ni mtu wa kufikiria watu. Kwenye mfuko wa vifaa vya Bibie nimekuta kichupa cha unga mweupe laini. Amejua tu kwamba fundi hakosi kuishiwa chaki! Nimeutumia kuchorea pindo za suruali mbili. Unashika vizuri sana kwenye kitambaa cheusi.

Saa nne alikuja yule mteja wangu, mwalimu wa biolojia wa shule iliyo nyuma ya mtaa. Gauni lake lina wiki sita. Nilimwona kwa mbali, nikajificha nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Mke wangu akalazimika kusema nimekwenda kununua uzi. Mwalimu akasema miguu ya huyu mtu aliyekwenda kununua uzi inaonekana chini ya makoti. Kisha akaondoka zake. Mke wangu amesema hatasema uongo tena kwa ajili yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepatikana. Nimepatikana kweli!

Nimempima tena Bibie leo. Tumboni sentimita tisa na nusu. Nikafurahi, nikapima na sehemu nyingine ili nimwandikie baba mkwe orodha. Mkia: vilevile. Shingo: vilevile. Paja: vilevile. Mtu akinenepa hunenepa kote, hata mkono wa shati humbana. Kiuno kikiongezeka peke yake, hapo si chakula. Hayo mimi nayajua kama njia ya kwangu.

Nikalibeba sanduku hadi dirishani, nikamweka Bibie kiganjani, nikamwinua juu ya kichwa changu nimwone kwa chini. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kama bitana. Ndani yake, vitu viwili vyeupe, virefu kidogo, kimoja kulia na kingine kushoto. Mfano wa maharage mawili makubwa.

Mayai. Bibie ana mimba!

Nikajiuliza, mume yuko wapi? Nikainua macho. Juu ya cherehani yangu, ukutani, kakaa mjusi wa nyumbani, yule mweupe mwembamba wa siku zote, anatazama sanduku. Hana hata haya. Nikakumbuka: Jumanne mchana niliacha kifuniko wazi ili Bibie apate hewa.

Baba mkwe huyu ninayemjua mimi! Nilipokuwa namposa binti yake alikuwa anaketi katikati yetu na gazeti, miezi minane, na sidhani kama alisoma hata ukurasa mmoja. Leo amenikabidhi mwari wake, na siku ile ile, chini ya paa langu, chini ya pua yangu, haya. Atanipa chumba? Hatanipa hata kiti.

Nimeamua. Asione mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshona pazia. Mahameli ya zambarau iliyobaki kwenye suti ya bwana harusi mmoja, marinda mapana, inazunguka sanduku pande zote nne. Kuficha tumbo ndiyo ufundi wangu. Nimewapeleka mabibi harusi wanne mbele ya watu mia tatu na hakuna aliyeng'amua kitu. Siri ni marinda yaanzie juu, chini ya kifua.

Nimemfukuza mjusi wa ukutani kwa ufagio. Alikwenda mpaka darini, akageuka, akanitazama. Muda si mrefu akarudi.

Alasiri akaja mwanyumba, eti kumjulia hali Bibie. Tangu lini? Mtu huyu hajawahi kumjulia hali hata mke wake. Nikamwambia Bibie anapumzika, mwanga unamuumiza. Akauliza inakuwaje mwanga umuumize mjusi anayeishi chini ya taa. Nikamwambia mambo haya ni marefu, aketi nimletee maji. Nilipotoka jikoni na glasi nikamkuta ameinama, kainua marinda kwa vidole viwili.

Alinyoosha mgongo, akanywa maji, akasifu mahameli. Kisha akatabasamu. Sipendi mtu huyu akitabasamu. Nimekaa hadi magharibi nikijiambia hakuona, hakuona. Macho yake yamezoea visigino tu.

Jumatatu, 10 Machi

Bibie anachimba. Tangu asubuhi anachimba! Anakwenda kona hii, anarusha mchanga kwa miguu ya nyuma, anaacha, anakwenda kona ile. Mchanga umeruka hadi kwenye suruali ya mteja.

Nimemtazama kwa makini nikaelewa. Anataka kutoroka! Kona anayoipenda zaidi ni ile iliyo karibu na ukuta wa yule mwenzake. Mapenzi haya.

Sikukawia. Nimemwaga mchanga wote nje, nimepangusa kioo, nimemtandikia kipande cha kitambaa cha suti, kijivu, kimepigwa pasi. Sasa sanduku linang'aa. Anaendelea kukwaruza, lakini kitambaa ni imara.

Mke wangu amesema nirudishe mchanga. Amesema mnyama hachimbi bure. Nikamwambia nimewahi kuwa mchumba, najua dalili. Akasema mimi nikiwa mchumba sikuchimba chochote, hata shimo la nguzo la baba yake nililoombwa. Nikajitia hamnazo.

Jambo moja tu linanisumbua. Leo hakula. Nyenje alipita mbele ya pua yake, na Bibie akatazama pembeni.

Jumanne, 11 Machi

Mambo mabaya.

Hakula jana, hakula leo. Amelala, tumbo limebandama kwenye kitambaa, miguu imetawanyika. Kila baada ya muda anajiinua, anakaza mwili mzima, mkia unatetemeka, kisha anashuka tena. Mayai yako palepale. Macho ameyafumba nusu. Mchana nilimwekea kidole karibu, akaegemeza kidevu chake juu yake, akabaki hivyo. Kidevu chepesi kama kifungo. Sikuthubutu kuondoa mkono. Nilikaa nikiwa nimeinama mpaka kiuno kikaniuma, wateja wawili wakanikuta hivyo wakaondoka.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: sikiogopei chumba. Yaani, chumba pia. Lakini namwogopea yeye.

Nimempigia simu daktari wa mifugo. Akauliza anatoa lita ngapi kwa siku. Nikamwambia ni mjusi. Akaniuliza kama ninamchezea, akakata.

Mke wangu akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Akasema mtaa mzima huu kuna mtu mmoja anayejua mambo ya viumbe, na mtu huyo mimi nilimkimbia nikajificha kwenye makoti. Maji yamenifika shingoni. Kwa mwalimu siwezi kwenda bila gauni. Na gauni hata kukatwa bado! Lote bado ni kitambaa, kimekunjwa, kiko chini ya kopo la nyenje.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka alfajiri nikakata gauni. Saa sita mchana lilikuwa tayari, na zipu na bitana. Sijawahi kushona hivi maishani mwangu. Bibie nilimweka pembeni ya cherehani, pazia nimelifunua, na kila nikimaliza mshono mmoja namtazama kama mbavu zinapanda na kushuka. Mshono, mbavu. Mshono, mbavu. Nilijichoma sindano mara tatu.

Mwalimu nilimkuta katika chumba cha walimu, anasahihisha madaftari. Nikamwamkia, nikaweka gauni mezani, nikaweka sanduku juu ya madaftari. Gauni hakuligusa. Alitazama ndani ya sanduku, akauliza mchanga uko wapi. Nikasema nimeutoa, alikuwa anataka kutoroka.

Mwalimu hakunifokea. Ningependa angenifokea.

"Fundi," alisema, "huyu hatoroki. Anatafuta pa kutagia, na wewe umemtandikia suti."

Akamwinua taratibu, akawasha taa ya simu tumboni mwake. Akanionyesha yale niliyoyaona dirishani. Kwa aina hii, akasema, huwa mawili, moja kila upande. Tumbo hujaa lakini mkia na miguu havibadiliki. Hula kwa fujo, kisha siku za mwisho hukataa chakula. Kisha huchimba. Ukiona hayo yote, mpe udongo wenye unyevu ajifiche. Asipopata pa kuchimba, huyazuia mayai, na akiyazuia sana, hufa.

Neno hilo alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akauliza kama nilikuwa namnyunyizia nyenje unga wa kalsiamu, ule mweupe laini, maana mayai humaliza nguvu za mifupa yake. Nilikuwa nafikiria suruali mbili nyeusi zilizokwisha kwenda kwa wenyewe.

Mwisho nikaona bora niseme yote. Nikasogea, nikanong'ona habari za mjusi wa ukutani. Mwalimu akainamisha kichwa juu ya madaftari, mabega yakatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akasema hao ni aina mbili tofauti, haiwezekani hata kidogo. Akasema jike hutaga hata kama hajaona dume maisha yake yote, kama kuku asiye na jogoo, ila mayai hayo hayaanguliwi. Bibie ni msafi! Nimemsingizia, nimemsingizia na mwenzake wa ukutani.

Akaniambia cha kufanya. Akaniambia pia kwamba ikifika kesho jioni hajataga, hakuna tena la nyumbani, ni kutafuta daktari wa kupasua wanyama wadogo, na wa karibu yuko safari ya siku nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Jana hiyohiyo nilimtengenezea pa kutagia. Kopo la siagi lenye kifuniko, tundu ubavuni, kingo za tundu nimezizungushia utepe laini zisimkwaruze. Udongo wa kwenye chungu cha maua, umeloweshwa na kukamuliwa. Mchanga mpya sandukuni. Unga, kiasi kilichobaki kwenye kichupa, juu ya nyenje mmoja. Hakumla.

Asubuhi: yuko nje ya kopo. Analitazama tu.

Saa nne: ameingiza kichwa. Ametoka.

Saa sita: ameingia! Mke wangu ameacha sufuria, tumekaa wote wawili sakafuni koridoni, migongo ukutani. Hatujakaa hivi siku nyingi. Akanishika mkono akasema mkono wangu ni baridi.

Saa nane: sauti ya kuchimba. Kisha kimya. Kimya kirefu sana. Nikataka kufungua kifuniko, mke wangu akanipiga kofi mkononi. Mwalimu alisema asiguswe.

Saa tisa na nusu: bado kimya. Nimeandika kwenye karatasi namba ya yule daktari wa mbali. Nimeuliza magari yanaondoka saa ngapi.

Saa kumi na dakika chache, pua ikatokeza tunduni. Kisha kichwa. Kisha Bibie mzima, mwembamba, ngozi ya ubavuni imemlegea kama nguo ya kuazima. Akaenda moja kwa moja kwenye kisahani akanywa maji. Nikafukua kwa kijiko. Mawili! Meupe, laini, yananata udongo.

Nililia. Mke wangu aliona. Nikamwambia ni vumbi la chaki.

Sasa jioni hii tuna shauri. Baba mkwe anarudi kesho. Mke wangu anasema nimweleze baba yake yote tangu mwanzo, atafurahi, atacheka. Nimelifikiria. Nikisema mayai, atauliza niliyajuaje. Nikisema niliyajuaje, atauliza kwa nini sikupiga simu. Hapo litaingia pazia, likiingia pazia utaingia mchanga, ukiingia mchanga utaingia unga na suruali mbili. Uzi mmoja ukivutwa, nguo nzima imefumuka. Bora lisitokee jambo lolote. Mayai nimeyaweka kwenye kopo la vifungo, juu ya pamba yenye unyevu. Kopo la siagi nimetupa. Pazia nimekunja. Bibie amekula nyenje wawili. Sanduku liko kama lilivyokuja. Nani atajua?

Ijumaa, 14 Machi

Baba mkwe ameketi sebuleni kwake, miwani myeusi, sisi wote tumemzunguka. Mwanyumba alikuwa amevaa viatu vinavyolia. Nikaweka sanduku mezani, nikasema mzigo wako huu, baba, salama salimini.

Akavua miwani. Akamtoa Bibie, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama kwa jicho jipya. Muda mrefu. Akampapasa ubavuni ile ngozi iliyolegea.

"Mayai yako wapi?"

Nilikuwa na muda wa kujibu vizuri. Nilikuwa nao! Mke wangu alinigeukia kabisa, anasubiri.

"Mayai gani, baba?"

Hapo akaeleza, polepole, bila hasira. Kila mwaka majira haya Bibie hutaga mawili. Ndiyo maana alimwacha kwangu bila maelezo yoyote. Alitaka aone kama kuna mkwe wa kugundua. Jumamosi mwanyumba alimpigia simu hospitalini, akasema baba, mjusi wako ana mayai na mtu kamfunika pazia. Baba mkwe akamwambia anyamaze tu, fundi mwenyewe atapiga. Alisubiri simu yangu Jumapili. Alisubiri Jumatatu. Alisema alikuwa na kitambaa machoni, hana la kufanya, kwa hiyo alisubiri vizuri.

Nikisema nilijua, mimi ni mwongo. Nikinyamaza, mimi ni kipofu. Nikasema jicho limependeza, baba.

"Basi utakuwa umeyafagia," akasema, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Akaingiza mkono mfukoni akampa mwanyumba ufunguo.

Njiani mke wangu alitembea mbele, hatua tano.

Jumamosi, 15 Machi

Mwanyumba ameshapanga viatu dirishani. Nimepita mara moja tu. Mara mbili.

Mke wangu amesema neno lake asubuhi na hakurudia. Mayai yapo, yako kwenye kopo la vifungo. Niyachukue, niende kwa baba yake leo hii, niseme ukweli: nilijua, niliogopa, nilihangaika, nilikaa sakafuni nikalia. Amesema ufunguo hautarudi, lakini baba yake ataacha kunionea huruma, na yeye ataacha kuona aibu. Nimekiri yuko sahihi. Nimekiri kwa sauti kabisa.

Nikafungua kopo. Yamesinyaa kidogo. Moja limebonyea, linaanza kuwa la njano. Nimpelekee mzee vitu hivi? Atasema niliyatunza vibaya.

Nimepata njia nzuri zaidi. Kesho Jumapili familia yote inakula kwa baba mkwe. Wakiwa mezani, mimi nitakwenda kunawa mikono, nitapitia kwenye sanduku, nitayafukia kwenye mchanga, ile kona ya ndani. Baada ya chakula nitamuuliza baba, bila haraka, kama ameufukua mchanga vizuri. Atayapata yeye mwenyewe! Ataona sikufagia kitu, na kwamba nilinyamaza kwa heshima tu. Atamtazama mwanyumba kwa jicho lingine.

Kilichobaki ni kwamba mawili tena yaliyosinyaa hayaonyeshi kazi niliyofanya wiki hii. Kwa hiyo nimechonga la tatu. Chaki mpya ya kushonea, nimeisugua kwa msasa hadi ikawa laini, nyeupe, nzuri kuliko yale mengine. Mke wangu amelitazama, akanitazama mimi, akachukua simu akatoka nje. Sikumsikia anaongea na nani.

Nimelifanya kubwa kidogo, ili baba mkwe asilikose hata kwa lile jicho ambalo bado halijapasuliwa.